Marehemu wetu anazushiwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu hatua za kisheria

Maswali haya ni ya mjane, mgane, mtoto, ndugu au msimamizi wa mirathi ambaye marehemu wake anachafuliwa jina na hajui aanzie wapi. Sheria hutofautiana nchi na nchi, na pale tofauti hiyo inapobadili hatua ya kuchukua, nchi yenyewe imetajwa. Jambo moja likae kichwani tangu mwanzo: mahali pengi mahakama haitauliza marehemu amefanyiwa nini. Itauliza wewe uliye hai umefanyiwa nini.

Je, ninaweza kumshtaki mtu kwa kumkashifu marehemu baba yangu?

Katika nchi zilizorithi mapokeo ya sheria ya Uingereza, kama hoja yako ni jina la marehemu peke yake, huwezi kumdai fidia ya kashfa. Heshima ya mtu katika mapokeo hayo ni mali ya nafsi yake. Hairithiwi kama shamba au akaunti ya benki, na mwenyewe akifariki inaondoka naye. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1934 iliruhusu madai mengi ya marehemu yaendelezwe na mirathi yake, lakini kashfa ikaachwa nje kwa makusudi. Sheria ya Kenya, Sura ya 26, ina kifungu chenye sura hiyohiyo. Marekani nako, karibu majimbo yote yana msimamo huo kwa madai ya fidia.

Ndiyo maana barua isemayo tu “mmemkashifu marehemu” haimtishi mtu mwenye wakili. Wakili wake ataisoma mara moja, atacheka kidogo, ataiweka kwenye jalada.

Kwa hiyo marehemu hana ulinzi popote?

Anao, na katika nchi nyingi kuliko watu wanavyodhani, ila mara nyingi unapitia sheria ya jinai.

Ujerumani, kifungu cha 189 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayeitweza kumbukumbu ya marehemu: faini au kifungo kisichozidi miaka 2. Tusi la kawaida halitoshi, lazima liwe zito. Malalamiko huletwa na mwenzi na watoto kwanza. Wasipokuwepo wanafuata wazazi, kisha ndugu na wajukuu. Muda ni miezi 3 tangu mlalamikaji alipolijua tendo na mtendaji.

Uswisi inawaruhusu jamaa kulalamika, lakini marehemu akiwa amefariki zaidi ya miaka 30 kabla ya maneno kusemwa, msemaji haadhibiwi. Japani na Korea Kusini zinaadhibu uongo tu: aliyesema jambo la kweli kuhusu marehemu, hata liwe la aibu kiasi gani, hashitakiwi kwa kosa hili. Ufilipino inahesabu “kuipaka doa kumbukumbu ya aliyekufa” ndani ya tafsiri yake ya kashfa ya maandishi. Italia inawapa jamaa wa karibu haki ya kulalamika, nako muda ni miezi 3.

India inastahili kuangaliwa kwa makini, maana masharti yake ni mawili na yote lazima yatimie. Kwanza, maneno yawe yangemharibia jina marehemu kama angekuwa hai. Pili, yawe yamekusudiwa kuumiza hisia za familia au jamaa wa karibu. Sharti la pili ndilo linaloangusha malalamiko mengi, kwa sababu kukusudia si kitu cha kudhania. Kinathibitishwa kwa mazingira, kama vile ujumbe kutumwa moja kwa moja kwenye kikundi cha familia au kusambazwa siku ya maziko. Kanuni hiyo iliishi muda mrefu katika kifungu cha 499 cha sheria ya zamani, na tangu tarehe 1 Julai 2024 iko katika kifungu cha 356 cha sheria mpya ya adhabu.

Ufaransa inafanana nayo. Kifungu cha 34 cha sheria ya tarehe 29 Julai 1881 kinahusu kashfa dhidi ya kumbukumbu ya wafu, lakini kinafanya kazi pale tu msemaji alipokusudia kugusa heshima ya warithi, wenzi au waliopewa mali yote kwa wosia, walio hai.

Uchina imechukua njia ya madai. Kifungu cha 994 cha Kanuni ya Madai, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, kinawapa mwenzi, watoto na wazazi haki ya kumdai aliyeharibu jina, sifa, picha, faragha au mabaki ya marehemu. Wasipokuwepo hao, jamaa wengine wa karibu wanaweza kudai.

Ni wakati gani maneno juu ya marehemu yanakuwa kashfa dhidi yangu mimi?

Hapa ndipo kesi nyingi zinapookolewa au kuzikwa, kwa hiyo chukua muda.

Kipimo ni hiki: msomaji wa kawaida anayekufahamu, akisoma maneno yale, ataelewa kwamba wewe nawe umeguswa? Si lazima utajwe jina. Inatosha maneno yenyewe, pamoja na mambo ambayo wasomaji tayari wanayajua, yakuelekee. Tazama mifano hii:

“Marehemu alikuwa mwizi.” Hapo aliyeguswa ni marehemu tu. Uchungu wako ni wa kweli, lakini mtoto hahesabiwi mwizi kwa sababu baba aliitwa mwizi.

“Marehemu alikuwa mwizi, na ile nyumba wanayoishi watoto wake ilijengwa kwa pesa za wizi, wao wanajua.” Sasa watoto wametuhumiwa kufaidi wizi huku wakijua. Maneno mawili ya mwisho ndiyo yamefungua mlango.

“Wale watoto si wa marehemu.” Aliyekashifiwa hapa ni mama yao, kama yu hai, na pengine watoto wenyewe.

“Alikufa kwa ugonjwa wa kuambukizwa kwa njia ya ngono.” Kwa juu juu ni habari ya marehemu. Ila wanaojua kwamba mjane wake yupo watamfikiria yeye naye. Madai ya namna hii yanategemea maana iliyofichika, na lazima ueleze katika hati ya madai ni kina nani waliosoma na walijua nini kilichowafanya wakuelewe wewe.

“Hakufa kwa ugonjwa, mkewe ndiye anayejua alichompa.” Huku ni kumtuhumu mtu aliye hai kwa mauaji. Mjane anayepata ujumbe kama huu asipoteze hata dakika moja kubishana kuhusu heshima ya marehemu. Kesi ni yake, na ni nzito.

Tatizo linalojirudia ni ukubwa wa kundi. “Ukoo mzima ni matapeli” ukisemwa juu ya ukoo wa watu 300 haumgusi mmoja mmoja. Ukisemwa juu ya familia ya watu watano, kila mmoja anaweza kusema ametajwa.

Kuna msingi wa haki za binadamu?

Upo kwa nchi zilizo chini ya Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Katika kesi ya Putistin dhidi ya Ukraine, mwaka 2013, mahakama hiyo ilikubali kwamba kuharibiwa jina kwa ndugu aliyefariki kunaweza, kwa kiwango fulani, kugusa maisha binafsi na utambulisho wa jamaa aliye hai. Mlalamikaji mwenyewe alishindwa, kwa sababu gazeti halikumtaja baba yake waziwazi na athari kwake ilionekana ya mbali. Mjukuu wa Stalin naye alikataliwa mwaka 2014: mtu wa historia anabaki wazi kwa mjadala na ukosoaji, na familia haiwezi kuufunga kwa kesi. Ukizisoma kesi hizo pamoja unaona wapi pa kukazia. Marehemu awe mtu wa kawaida, atajwe waziwazi, na kifo kiwe cha karibuni.

Baba alikuwa ameshafungua kesi ya kashfa, kisha akafariki. Inaendelea?

Uingereza na nchi nyingi zinazofuata mkondo wake, hapana: akifariki kabla ya hukumu, kesi inakufa. Mdaiwa akifariki ni vivyo hivyo. Hukumu ikiwa imeshatolewa, fidia iliyoamriwa ni deni, na msimamizi wa mirathi analidai kama deni lingine lolote. Baadhi ya majimbo ya Marekani huruhusu kesi iliyokwisha kufunguliwa iendelee.

Uvumi unaua biashara aliyoiacha. Hiyo nayo ni kashfa ya marehemu?

Acha kuiita hivyo, utajinyima kesi nzuri. Kampuni iliyosajiliwa ni mtu kisheria, nayo haikufa. Ikizushiwa kwamba inauza bidhaa mbovu au haina uwezo wa kulipa madeni, inadai kwa jina lake yenyewe. Uingereza, tangu sheria ya mwaka 2013, kampuni ya biashara lazima ionyeshe kwamba imepata au itapata hasara kubwa ya fedha. Kwa hiyo kusanya mapema vitabu vya mauzo ya miezi 12 kabla ya uvumi na ya kila wiki baada yake, barua za wateja waliovunja oda, na jina la kila mteja aliyesema sababu.

Kama biashara haikusajiliwa kama kampuni na mali sasa iko mikononi mwa mirathi, uliza wakili kuhusu madai ya uongo wa hila. Madai haya yanalinda mali na mapato, siyo heshima, ndiyo maana hayafungwi na kifo. Ubaya wake ni mzigo wa ushahidi: wewe ndiwe unayethibitisha kwamba maneno ni ya uongo na kwamba aliyeyasema alikuwa na nia mbaya. Katika kesi ya kawaida ya kashfa, mdaiwa ndiye anayethibitisha ukweli wa alichosema.

Kilichosambazwa ni siri ya matibabu au picha ya maiti. Tufanye nini?

Mara nyingi njia hii ina nguvu kuliko kashfa, kwa sababu ukweli wa habari haumwokoi aliyeivujisha.

Wajibu wa daktari kutunza siri hauishi mgonjwa akifa. Azimio la Geneva la Chama cha Madaktari Duniani linasema hivyo waziwazi. Marekani, kanuni za faragha ya afya zinalinda taarifa za marehemu kwa miaka 50 baada ya kifo. Peleka malalamiko ya maandishi sehemu mbili kwa wakati mmoja: uongozi wa hospitali na baraza linalowasajili wataalamu wa afya. Omba hasa kumbukumbu ya nani alifungua jalada la mgonjwa, tarehe na saa. Mifumo mingi ya kompyuta ya hospitali huihifadhi, na hiyo ndiyo humfichua mvujishaji bila kubahatisha.

Sheria za ulinzi wa data zinachanganya. Kanuni kuu ya Umoja wa Ulaya haiwahusu waliokufa, ila imeziachia nchi wanachama zitunge zao. Denmark inaendelea kulinda data kwa miaka 10 baada ya kifo. Italia inamruhusu mwenye maslahi yake mwenyewe, au anayetetea sababu za kifamilia, kuzitumia haki za marehemu. Hata pasipo na kifungu cha namna hiyo, angalia kama habari iliyovuja inakufichua na wewe. Ugonjwa wa kurithi wa mama ni taarifa ya afya ya binti pia.

Kuhusu picha za eneo la kifo, Mahakama Kuu kabisa ya Marekani mwaka 2004 ilitambua kwamba familia ina maslahi yake yenyewe ya faragha katika picha hizo. Kesi ilihusu kuombwa picha zilizo mikononi mwa serikali, siyo jirani anayezisambaza kwa simu.

Tunakusanyaje ushahidi?

Leo hii, kabla ya kumpigia mtu simu kumfokea. Mzushi akishtuka anafuta, na ukishamfokea umempa sababu ya kushtuka.

Kwa maandishi ya mtandaoni, picha ya skrini inayoonyesha maneno peke yake ni dhaifu. Picha inayofaa inaonyesha jina la akaunti, anwani kamili ya ukurasa, tarehe, saa, na idadi ya waliotazama au kujibu. Piga ukurasa wote kuanzia juu hadi chini, pamoja na majibu ya watu, maana majibu ndiyo yanayoonyesha walivyoelewa. Mtu akiandika chini “kumbe ndiyo maana mjane alikuwa na haraka ya kuzika”, huyo amekupa ushahidi kwamba maneno yamekuelekea wewe. Hifadhi nakala tatu: kwenye simu, kwenye kifaa kingine, na karatasi iliyochapishwa. Kisha mtu mmoja asiye na maslahi katika ugomvi aufungue ukurasa huohuo kwa kifaa chake na aandike hati ya kiapo kuhusu alichokiona.

Kwa WhatsApp, usifute mazungumzo wala kubadili simu. Toa nakala ya mazungumzo yote ya kikundi kwa kutumia kipengele cha kusafirisha mazungumzo, pamoja na sauti na picha. Andika namba iliyotuma, si jina ulilolihifadhi wewe; “Shangazi Mdogo” katika simu yako si kitambulisho mbele ya hakimu. Ujumbe wa sauti uandikwe neno kwa neno, pamoja na lugha au lahaja yake, kisha tafsiri kama itahitajika.

Uvumi wa mdomo ndio mgumu kuliko yote. Mahakama inataka maneno yaliyosemwa, siyo muhtasari wake. Kila shahidi aandike peke yake, ndani ya siku 2 au 3, maneno aliyoyasikia, nani aliyasema, wapi, lini na nani wengine walikuwepo. Wasikae pamoja kukumbushana. Taarifa tatu zinazofanana hadi nukta zinamfanya hakimu ashuku zimepikwa. Zingatia pia kwamba katika sheria za mkondo wa Uingereza, kashfa ya mdomo kwa kawaida inadai uthibitisho wa hasara halisi, isipokuwa katika mambo machache kama kumtuhumu mtu kosa la jinai lenye kifungo au kumharibia katika kazi yake.

Na kosa linalofanywa na karibu kila familia: kuusambaza ujumbe wenyewe kwa jamaa wote kuuliza “mmeona hili?” Kila unapoutuma unamwongezea mzushi wasikilizaji, na wakili wake atauliza ni watu wangapi waliupata kutoka kwako.

Muda wa kudai ni upi?

Ni mfupi kuliko madai mengine, na msiba unaula. Uingereza na Kenya, mwaka 1 kwa kashfa. India, mwaka 1 kwa madai ya fidia. Ufaransa, miezi 3 tu tangu kuchapishwa. Ujerumani na Italia, miezi 3 kwa malalamiko ya jinai, kama ilivyoelezwa juu.

Usitegemee kwamba andiko likiendelea kuonekana mtandaoni muda unaanza upya kila siku. Uingereza iliufunga mlango huo mwaka 2013: mchapishaji yuleyule akiacha au kurudia maneno yaleyale kwa namna isiyotofautiana sana, muda unahesabiwa tangu mara ya kwanza. Mtu mwingine akiyachukua na kuyachapisha, wake unahesabiwa kivyake.

Barua ya madai iandikwe vipi?

Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Inukuu maneno yanayolalamikiwa, ieleze yalitolewa wapi na lini, iseme yanamgusa nani aliye hai na kwa maana gani, iseme kwa nini si kweli, kisha iorodheshe unachotaka: kuondoa, kusahihisha mahali palepale na mbele ya wasikilizaji walewale, kuomba radhi kwa maneno yaliyokubaliwa, na ahadi ya kutorudia. Toa siku 7 hadi 14. Ambatisha rasimu ya sentensi tatu au nne za masahihisho, kwa sababu mtu aliyekwama mara nyingi hukosa maneno tu, na ukimwandikia anasaini.

Vitu viwili huiharibu barua. Cha kwanza ni kutaja fidia ya ajabu: barua inaonekana ya kutafuta pesa, na mahakama itaisoma baadaye. Cha pili ni “tulipe au tunakwenda polisi”. Katika nchi nyingi kumtishia mtu kwa mashtaka ya jinai ili akupe fedha ni kosa lenyewe. Kama kuna jinai, karipoti. Kama kuna madai, dai. Usivitumie kama fimbo na karoti.

Aliyeandika hajulikani, anatumia jina la bandia.

Anza na jukwaa lenyewe. Ripoti chini ya kipengele kinachofanana kabisa na kosa: unyanyasaji, taarifa binafsi, kujifanya mtu mwingine. “Anamsema vibaya marehemu” mara nyingi hakimo kwenye orodha, na ripoti hutupwa. Mtu akifungua akaunti kwa jina na picha ya marehemu, ripoti kama kujifanya mtu mwingine na uambatishe cheti cha kifo. Akaunti halisi ya marehemu iombewe hali ya kumbukumbu, yaani itambuliwe na jukwaa kuwa ya mtu aliyefariki, isije ikaibwa.

Umoja wa Ulaya, sheria ya huduma za kidijitali inayotumika kikamilifu tangu tarehe 17 Februari 2024 inayalazimu majukwaa kupokea taarifa za maudhui haramu, kueleza sababu za uamuzi, na majukwaa mengi kati yao kupokea rufaa. Marekani ni kinyume: kifungu cha 230 cha sheria ya mwaka 1996 kinayakinga majukwaa dhidi ya kesi nyingi juu ya maneno ya watumiaji, kwa hiyo mlengwa ni mwandishi, siyo jukwaa.

Kumjua mwandishi kunahitaji amri ya mahakama ya kumlazimisha mwenye taarifa azitoe. Katika sheria ya Uingereza njia hii ilithibitishwa mwaka 1973. Amri huchukua wiki, na kumbukumbu za mitambo ya jukwaa, zinazoonyesha nani alitumia akaunti, hufutwa. Siku ileile unapomwona wakili, ipelekwe barua ya kuomba kumbukumbu zihifadhiwe.

Mzushi yuko nchi nyingine. Inafaa kumfuata?

Uliza kwanza mali yake iko wapi. Hukumu isiyoweza kutekelezwa ni karatasi ya kuning'iniza ukutani. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inazikataza mahakama zake kutekeleza hukumu za kashfa za nje zisizotoa ulinzi wa uhuru wa kusema unaolingana na wa huko, kwa hiyo kushinda kwingine dhidi ya mkazi wa Marekani mara nyingi hakuleti senti.

Ni ndugu yetu wa damu anayeeneza, na kuna ugomvi wa mirathi.

Tenganisha alichosema mahakamani na alichosema nje. Maneno yaliyomo kwenye hati za kesi au ushahidi yana kinga, hata yawe machafu. Njia ya kuyajibu ni hati ya kiapo ya kupinga ndani ya kesi hiyohiyo. Akizitoa hati zile na kuzisambaza kwenye kikundi cha ukoo pamoja na maoni yake, kinga inaweza isimfuate huko.

Msimamizi wa mirathi awe mwangalifu na fedha. Mali ya marehemu ipo kulipa madeni na kugawiwa warithi, siyo kugharamia vita vya heshima. Akilipa wakili wa kashfa kutoka kwenye mirathi bila ridhaa ya warithi au ya mahakama, anaweza kuamriwa azirudishe kutoka mfukoni mwake. Aliyekashifiwa binafsi ndiye alipe.

Usuluhishi hapa una nafasi kubwa kuliko kwingine. Ila makubaliano yaandikwe na kusainiwa, na yaseme hasa maneno gani hayatarudiwa na itakuwaje yakirudiwa. Kupeana mikono tu kunadumu mpaka kikao kijacho cha mirathi.

Sehemu ya yanayosemwa ni kweli. Tuendelee?

Mtu akikuuliza hili kwa uaminifu, jibu mara nyingi ni kurudi nyuma. Ukweli ni utetezi kamili katika madai ya kashfa katika nchi nyingi, na haulazimiki kufunika kila neno. Kiini kikiwa kweli, makosa madogo hayamsaidii mdai. Mbaya zaidi, kesi inafungua makabati. Mdaiwa anaweza kuomba taarifa za benki za marehemu, barua zake, mashahidi waliomfahamu. Lililokuwa linanong'onwa na watu 40 linaingia kwenye kumbukumbu za mahakama ambazo mwandishi wa habari yeyote anaweza kuzisoma. Kabla ya kufungua kesi, mtu mmoja wa familia mwenye moyo mgumu apitie nyaraka za marehemu na awaambie wengine alichokikuta.

Anatuandama bila kukoma: ujumbe, simu, matusi kaburini. Hiyo nayo ni kashfa?

Huenda ni unyanyasaji, na huko hakuna anayeuliza kama mlengwa yu hai, kwa sababu mlengwa ni wewe. Uingereza, sheria ya mwaka 1997 inahitaji mwenendo wa angalau mara 2 unaomtia mtu hofu au dhiki. Weka daftari: tarehe, saa, njia aliyotumia, maneno, nani alishuhudia. Amri ya kumzuia asiwasogelee wala kuwasiliana nanyi hupatikana haraka kuliko hukumu ya kashfa.

Mahakama inaweza kumzuia asiseme kabla kesi haijasikilizwa?

Ni nadra. Tangu mwaka 1891 mahakama za Uingereza husita kutoa zuio la muda katika kashfa pale mdaiwa anaposema atathibitisha ukweli. Faragha na unyanyasaji vina nafasi nzuri zaidi.

Tujibu hadharani wakati tunasubiri?

Mara moja, kwa sentensi chache, kwa sauti ya mtu mmoja aliyechaguliwa. Mkanushe bila kuurudia uvumi wenyewe: “Taarifa zinazosambazwa kuhusu kifo cha mama yetu si za kweli, chanzo cha kifo kimeandikwa na daktari, na familia imechukua hatua.” Msimtaje mtu mnayemshuku. Mkikosea jina, yeye ndiye atakayekuwa na kesi nzuri, dhidi yenu, na yuko hai.